Mshauri asiyeshauri: jinsi ya kumsikiliza mtu kwa dakika hamsini

Tatizo linaanzia kwenye jina. Kazi hii tumeiita ushauri nasaha, na maneno yote mawili yana maana ya kumwambia mtu la kufanya. Kwa hiyo mama akimwendea mzee wa kanisa pale Kondele, Kisumu, au kijana wa bodaboda akimvuta kando mwalimu wake wa zamani kule Kaptembwo, Nakuru, anayekuja na anayeendewa wote wanangoja kitu kimoja: shauri litoke.

Njia inayoelezwa hapa inakwenda kinyume. Ni ya Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani aliyezaliwa 1902 na kufariki 1987. Yeye na Abraham Maslow ni kati ya waliojenga saikolojia ya kibinadamu, iliyoitwa nguvu ya tatu kwa sababu ilikataa kumtazama mtu kama rundo la tamaa zilizofichika, na ikakataa pia kumtazama kama kiumbe cha kufunzwa kwa zawadi na adhabu. Dai la Rogers ni kwamba mtu akisikilizwa kwa namna fulani ataiona njia mwenyewe, na ataishika vizuri kuliko aliyochorewa. Alipenda kukumbuka viazi vya nyumbani kwao utotoni, vilivyowekwa chini ya nyumba wakati wa baridi. Vilichipua gizani, vikarefusha machipukizi meupe, dhaifu, kuelekea kidirisha kidogo cha mbali. Aliyewahi kuhifadhi gunia la viazi vya Molo stoo ameona jambo hilohilo kwenye ufa wa mlango. Ukilivuta chipukizi ili lifike haraka, linakatika. Unachoweza ni kufungua mlango.

Mwaka 1957 Rogers aliorodhesha masharti sita ya mtu kubadilika, na matatu ni mzigo wa msikilizaji: awe mnyofu, asijifanye, amkubali mwenzake bila masharti, aielewe hali ya mwenzake kutoka ndani, kana kwamba ni yake, bila kusahau ile "kana kwamba". Kuyakariri ni kazi ya dakika mbili. Kinachofuata ni jinsi ya kuyatenda.

Nani usimsikilize kwa njia hii

Usimsikilize ndugu yako, mtu anayekudai, wala mwanachama wa chama ambaye umemdhamini mkopo. Una maslahi katika uamuzi wake, na masikio yako yatapinda hata ukijitahidi.

Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayetetemeka na kuona vitu baada ya kuacha pombe ghafla, au anayepigwa nyumbani sasa hivi, anahitaji msaada wa aina nyingine kwanza. Kisumu mpeleke hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Nakuru mpeleke hospitali ya rufaa ya kaunti. Kwa ukatili wa kijinsia kuna nambari ya bure 1195, kwa mtoto 116. Vilevile mama akikuambia watoto hawajala tangu jana, usimrudishie hisia. Tafuta unga. Maslow aliandika mwaka 1943 kwamba njaa ikizidi, mahitaji mengine yote hurudi nyuma.

Na usijitangaze. Kazi ya washauri na wanasaikolojia inasimamiwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2014. Mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu au mzee wa kanisa anaweza kusikiliza. Kuweka kibao mlangoni na kutoza ada ni jambo jingine.

Mahali na dakika tano za kwanza

Tafuta viti viwili vya kimo kimoja. Ukikalia kiti cha ofisi na yeye benchi, umeshamwambia nani mkubwa. Vipange kama herufi L iliyofunguka kidogo, umbali wa mita moja na nusu hivi. Kukaliana ana kwa ana humlazimisha kukutazama machoni, na katika nyumba nyingi za huku kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu. Kwa pembe hiyo anaweza kutazama mlango, ukuta au wewe, apendavyo.

Kuta za mabati hazina siri, kwa hiyo redio ya sauti ndogo upande wa jirani inasaidia kuliko kunong'ona. Mvua ikipiga mabati hakuna kikao, kwa maana utamfanya mtu apaze sauti kusema jambo alilokuja kulisema polepole. Kisumu mvua nyingi huja alasiri, panga asubuhi. Zima simu kabisa. Saa iweke nyuma ya bega lake ili uione bila kugeuza shingo. Karatasi ya tishu iwe karibu naye kabla hamjaanza. Ukimpa baada ya chozi la kwanza umemwambia ajifute, yaani anyamaze.

Kisha sema mambo manne kwa sauti ya kawaida:

"Tuna dakika hamsini, mpaka saa nne kasoro dakika kumi. Utakayosema yanabaki hapa, isipokuwa nikiona unataka kujiua, au unataka kumuumiza mtu, au kuna mtoto anayeumizwa. Hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo. Tukikutana sokoni nitakusalimia kama kawaida, sitakuuliza lolote. Sasa unaweza kuanzia popote."

Baada ya "popote", funga mdomo. Wanaoanza huongeza "kwa mfano nyumbani, au kazini", na mtu anachagua katika orodha yao badala ya kuchimba kwake.

Kupima kama umeelewa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo inapoharibika. Watu wengi wamesikia kwamba njia ya Rogers ni kurudia alichosema mwenzako. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa Marekani alitunga programu ya kompyuta, Eliza, iliyofanya hivyohivyo: ukiandika una huzuni, inakuuliza kuhusu huzuni yako. Haikuelewa hata neno. Rogers mwenyewe, karibu na mwisho wa maisha yake, alisema hakupenda kuambiwa kwamba anaakisi hisia. Yeye alikuwa akipima kama uelewa wake ni sahihi. Tofauti ni kubwa. Kasuku hana hofu ya kukosea. Anayepima anakubali kukosolewa.

Chukua mfano wa mama anayeuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye:

"Nimechoka. Kila siku nikitoka sokoni namkuta amekaa tu. Hata maji hajachota. Halafu ananiuliza chakula kiko wapi."

"Pole sana, mama" ni adabu, na isiposemwa mwanzoni utaonekana huna malezi. Iseme mara moja. Ukiirudia inafunga mlango, kwa sababu pole hujibiwa "asante", na baada ya asante hakuna kinachofuata. "Umejaribu kuongea naye?" ni shauri lililovaa nguo za swali. "Wanaume ndivyo walivyo" inamwondoa mumewe mahususi na kuleta wanaume wote wa Nyanza chumbani. "Hata mimi wangu..." sasa anakusikiliza wewe. "Naelewa" haina kitu ndani, maana hakuna awezaye kuikagua. Na "Umechoka, kila siku ukitoka sokoni unamkuta amekaa" ni Eliza.

Jaribu hivi, polepole, sauti ikiishia juu kidogo kama ya mtu asiye na hakika:

"Ni kama hakuna anayeona ulikotoka."

Maneno matano, yeye alisema zaidi ya kumi na tano. Shika kipimo hicho: lako liwe fupi kuliko lake. Utajua limefika akivuta pumzi na kuendelea, "Ehe! Hakuna. Hata watoto siku hizi..." Lakini jibu lililo bora zaidi huenda likawa hili: "Hapana. Anaona. Anaona vizuri kabisa, ndiyo maana inauma." Umekosea, na kosa lako limemsukuma kutafuta neno lake mwenyewe. Eugene Gendlin, aliyefanya kazi na Rogers, alitilia mkazo sana wakati huo ambapo mtu anasita, anajipekua ndani, anasema "si hivyo hasa, ni kama..." Ukisikia kusita huko, usimsaidie kutafuta neno. Ngoja.

Neno "nimechoka" lenyewe linataka uangalifu. Kwa Kiswahili cha huku linabeba mwili uliochoka, mtu aliyechoshwa na mtu mwingine, aliyekata tamaa, na mara nyingine aliyechoka kuishi. "Mawazo" nayo ni hivyo: "nina mawazo" si kwamba ana fikra, ni kwamba fikra zimemshika na usingizi umeondoka. Usikisie. Uliza, "Umechoka namna gani?" Jibu likielekea upande wa mwisho, uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi ni nafuu kusikia mtu mwingine amelitaja. Usitumie mafumbo kama "kufanya jambo baya", atakujibu "la" huku mkiongea mambo mawili tofauti. Akisema ndiyo, uliza kwa njia gani na kama kitu hicho kiko nyumbani. Vijijini mara nyingi ni dawa ya kunyunyizia mimea au ya kuogeshea ng'ombe. Iondolewe leo, na ndugu, si yeye. Usimwache peke yake, mwende hospitali pamoja. Baadhi ya watu bado wanaogopa polisi. Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha Januari 2025 kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na kumwambia hivyo kunaweza kuondoa woga wa kufika hospitali.

Kuhusu lugha: Kisumu mtu huanza kwa Kiswahili, na akifika penye uchungu anahamia Kijaluo, Bungoma anahamia Kibukusu. Ukiijua lugha hiyo, mfuate mara moja, kwa sababu kumjibu kwa Kiswahili ni kumrudisha barabarani alipokuwa ameshaingia uani. Usipoijua, mwache amalize kwa lugha yake, kisha umwombe akuambie tena kwa Kiswahili. Usimkatize. Sura na pumzi vimeshakueleza nusu.

Kimya

Hesabu pumzi zako. Pumzi kumi ni kama nusu dakika au zaidi kidogo, na kwa anayeanza zitaonekana saa nzima. Mtu akinyamaza huku macho yametulia sehemu moja, anafanya kazi. Mwache hata pumzi ishirini. Akinyamaza huku anakutazama na kucheza na vidole, anakungoja, na inatosha kusema, "Umefika mahali pagumu kusema." Machozi ni ya kimya pia. "Nyamaza, usilie" tumelelewa nayo wote, na ulimi utaitoa kabla akili haijazuia. Bana ulimi.

Maswali

Acha "kwa nini". Acha "mbona" kwa nguvu zaidi. "Mbona hukumwambia?" kwa Kiswahili si swali, ni karipio, na anayekaripiwa hujitetea. Tumia "ilikuwaje", "ikawaje", "hapo ulijisikiaje". Swali moja kwa wakati. Ukijikuta umeuliza matatu mfululizo umekuwa karani wa chifu anayeandika taarifa; rudi kwenye kupima.

"Sasa wewe ungefanyaje?"

Swali hili litakuja, kwa kawaida katika dakika ya thelathini, na kulikwepa kwa "wewe unaonaje?" ni ujanja ambao mtu mzima anautambua mara moja. Hapo ndipo unyofu unapotakiwa. Kwa mama aliyekuzidi umri, jibu linaweza kuwa:

"Mama, ningekuwa na jibu ningetamani kukupa. Lakini mimi sitalala katika nyumba hiyo leo usiku, wewe ndiye utakayelala. Nasikia unataka mtu akubebee uamuzi huu hata kidogo."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo muhimu, maana inapima kilichoko chini ya swali. Akiuliza jambo la ukweli, kama kliniki inafunguliwa saa ngapi au karatasi gani zinahitajika kortini, mjibu. Kumnyima mtu habari unayoijua kwa kisingizio cha Rogers ni ukatili mdogo.

Kukubali bila masharti, pale panapochoma

Ni rahisi kumkubali mama wa omena. Sasa afike mjane ambaye wazee wa ukoo wanataka arithiwe na shemeji yake, naye hajui kama atakubali au atakataa, na wewe ni mwinjilisti unayeamini kurithiwa ni dhambi. Au ni kinyume: wewe unaheshimu mila, na yeye anataka kuikimbia. Kila akigusa upande unaoupenda, utaitikia kwa kichwa. Akigusa upande wa pili, utatulia. Yeye anaona. Ndani ya dakika kumi atakuwa anakuambia unachotaka kusikia, na ile nusu nyingine ya moyo wake itakuwa imerudi gizani.

Rogers alieleza kwamba toka utotoni tunajifunza kupendwa kwa masharti: mtoto mzuri halii, mke mzuri anavumilia, mwanamume hatetereki. Mtu anaficha sehemu zake zisizotimiza masharti, mpaka na yeye mwenyewe hazioni tena. Msikilizaji akiongeza sharti lake, amezidisha mzigo uleule. Dawa ni ya kimwili zaidi kuliko ya kimawazo: itikia kwa kichwa pande zote mbili au usiitikie kabisa, na ukiupima upande mmoja, upime na wa pili. "Kuna sehemu yako inayoona usalama pale, ardhi, watoto wabaki kwao. Na kuna sehemu inayokataa hata kufikiria." Kukubali si kuafiki. Huafiki lolote, unaonyesha tu kwamba nusu zote mbili zina kiti.

Ukijikuta huwezi, kwa sababu imani yako inakukaba, mwambie mapema na umpeleke kwa mwingine.

Na maombi? Huku magharibi mwa Kenya mtu ataomba muombe pamoja, na kukataa kunamwacha mpweke. Muombe mwishoni, kwa maneno yake mwenyewe. "Bwana, msaidie huyu ndugu aache pombe na arudi kwa mkewe" ni shauri lililofumba macho.

Unyofu, kwa kifupi

Unyofu hauna maana ya kusema kila kitu. Umepotea katika hadithi yake? Sema, "Nimepotea kidogo, naomba unirudishe kwa huyo dada wa pili." Kujifanya unafuata ndiko kunakoharibu, maana utapima kitu ambacho hakipo. Hisia yako ikirudi mara ya tatu na inahusu kilicho kati yenu, iseme kama yako: "Naona kama kila tukikaribia habari za baba yako, mimi nabaki nje." Madeni yako, ndoa yako na njaa yako ya mchana, kaa nazo.

Kufunga

Zikibaki dakika kumi, mwambie. Jambo zito hupenda kutoka mlangoni, mkono uko kwenye kitasa. Onyo hilo linalipa nafasi ya kutoka akiwa bado amekaa. Usifanye muhtasari wa hekima. Uliza, "Unaondoka na nini leo?" na ukubali hata "sijui". Kubalianeni siku: mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, kwa wiki sita, kisha muulizane kama mnaendelea. Akiondoka, andika mistari mitatu bila jina, na daftari likae penye kufuli.

Mazoezi kabla ya mtu halisi

Kusoma haya hakutoshi, kama vile kusoma kuhusu kuogelea hakumtoshi mtu anayetaka kuingia ziwani Dunga. Kaeni watatu: msemaji, msikilizaji, mtazamaji. Msemaji alete jambo lake la kweli lakini dogo, kama ugomvi na mpangaji mwenzake, si kifo cha mzazi. Dakika kumi na tano za kusikiliza, tano za maoni, mnabadilishana. Saa moja inawatosha wote. Mtazamaji achore safu nne kwenye karatasi: Pima, Swali, Shauri, Mimi. Kila msikilizaji akifungua mdomo, tia alama. Safu ya Mimi ni kwa kila hadithi yake binafsi.

Mara ya kwanza safu za Swali na Shauri ndizo hujaa, na msikilizaji hukana kwa nguvu kwamba ameshauri. Ndiyo sababu ya kurekodi. Rogers alirekodi vikao kwa sahani za santuri zilizojaa baada ya dakika chache, na mwaka 1942 akachapisha matibabu ya mtu mmoja neno kwa neno, tangu mwanzo hadi mwisho. Ninyi mna simu. Rekodini mazoezi yenu tu, kwa idhini ya msemaji, na mfute siku hiyohiyo. Kwa mtu halisi, sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data inataka akubali kwanza akijua ni ya nini, na mtaani ambako simu moja hutumiwa na nyumba nzima, afadhali kutorekodi kabisa.

Baada ya mizunguko minne au mitano lengeni alama za Pima ziwe mara mbili ya Swali, na Shauri ibaki tupu. Ikikataa kubaki tupu, mtazamaji asome kwa sauti sentensi zilizotiwa alama hapo, bila kusema ni za nani. Zikianza na "Lakini", "Si ungeweza" au "Kwa nini usi-", chanzo ni kimoja: msikilizaji ameshindwa kuvumilia kuona mtu anaumia mbele yake bila kufanya kitu. Mzunguko unaofuata akae yeye kwenye kiti cha msemaji.